Mashine Inanguruma, Mtoto Hapati Hewa: Uchambuzi wa Kisa cha Usiku Mmoja

Aliingia saa 7:40 usiku akiwa mgongoni kwa bibi yake, amefunikwa blanketi mbili na kitenge juu. Ilikuwa Juni, na anayeijua Juni ya Nyanda za Juu Kusini hahitaji maelezo: maji ya bomba yanauma vidole, na kila anayefungua mlango wa wodi anaingia na baridi yake. Mama alikuja nyuma ameshika kadi ya kliniki. Mtoto wa kiume, miezi 4, kilo 6.1, chanjo zote za umri wake amepata. Mafua na kikohozi, siku ya tatu. Tangu magharibi hanyonyi: anashika ziwa, anavuta mara mbili, anaachia, anahema.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wauguzi wenzangu wa zamu za usiku, hasa wa hospitali za wilaya ambako daktari mmoja anahudumia wodi zote na mashine za oksijeni ni moja au mbili. Mtoto alipona, kwa hiyo hakuna kikao chochote kilichomjadili. Vikao vyetu huwa ni vya vifo. Aliyepona tunamwandikia ruhusa na faili linarudi kabatini. Lakini faili hili lina dakika 35 ambazo mimi, nesi wa miaka 11 kazini, nilikuwa napandisha namba kwenye mashine badala ya kumtazama mtoto. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Tulipofungua blanketi

Nilimwacha mama akae naye mapajani. Ukimlaza mtoto anayehangaikia pumzi kitandani peke yake, chini ya taa kali, atalia, na kilio kinakula oksijeni ambayo tayari hana. Nilifungua nguo za kifuani na kuhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani. Wengi wetu huhesabu sekunde 15 tukazidisha kwa nne. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio huo. Anakwenda mbio, anatulia kidogo, anakwenda mbio tena. Nilipata 74. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 tayari tunasema anapumua haraka.

Sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inazama ndani kila alipovuta hewa. Tundu za pua zinatanuka. Kichwa kinainama mbele kidogo kwa kila pumzi, kama mzee anayesinzia kwenye basi. Na mwisho wa kila pumzi, mgumio mfupi: nh, nh, nh. Ndugu wengi hudhani mtoto analalamika maumivu. Ukweli ni kwamba anajitibu. Anabana koo wakati wa kutoa hewa ili shinikizo kidogo libaki ndani na vifuko vya mapafu visisinyae. Ni akiba ya mwisho hiyo, na ikiisha mgumio unanyamaza, na kunyamaza kwenyewe si dalili nzuri.

Kwenye stethoskopu nilisikia filimbi nyembamba pande zote mbili, na chini yake mlio kama wa nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Joto 37.9.

Oksimita, kifaa cha kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ndiyo iliyotuchezea mwanzoni. Tulikuwa na mbili: ya kibanio, ya watu wazima, na ya mkanda wa kuzungushia, ya watoto. Ile ya kibanio haimshiki vizuri mtoto wa umri huu, kwa hiyo tulizungusha mkanda kwenye dole gumba la mguu. Ikasoma 79, ikaruka 91, ikarudi 77. Mwanafunzi wa uuguzi niliyekuwa naye akataka kuandika 91. Nikamwambia asubiri, aniambie kwanza kifaa kinasema mapigo ya moyo ni mangapi. Kilisema 112. Mimi kwa stethoskopu nilikuwa nimehesabu 168. Kifaa kisichojua hata mapigo hakiwezi kuaminiwa kwa oksijeni. Mguu ulikuwa baridi kama kokoto la mtoni. Mama akaufumbata viganjani, tukasubiri kidogo, mapigo yakasomeka 166 na oksijeni ikatulia kwenye 79.

Nikatazama na ulimi. Kwa watoto wetu weusi, midomo na kucha zinadanganya, hasa usiku wa baridi. Ulimi na ufizi ndio wa kuangalia. Ulimi ulikuwa na ujivujivu wa majivu. Tena tukumbuke kwamba mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha oksimita hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi, na hukosea kwa kuwasifu, yaani inaonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo kwenye damu. Kwa hiyo 79 yetu pengine ilikuwa chini zaidi.

Swali moja huku kwetu lisiachwe hata ukiwa na haraka: "Mama, jiko la mkaa linalala ndani?" Akajibu ndiyo, linakaa chumbani, na mlango wanafunga kwa ajili ya baridi. Kuna aliyeumwa kichwa au kutapika usiku huo? Hapana. Niliuliza kwa sababu oksimita haitofautishi oksijeni na hewa ya sumu ya mkaa. Damu iliyobeba sumu hiyo itasomeka safi kabisa. Kwa mtoto huyu namba ilikuwa chini, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kutuhadaa kiasi hicho, ila moshi ulikuwa umeshaongeza chumvi kwenye kidonda.

Dakika 35

Nilimwekea mrija wa puani, lita 1 kwa dakika. Namba ikapanda mpaka 83 ikagota. Nikapandisha lita 2: 84. Nikasubiri kidogo, nikapandisha 4. Ikabaki 84. Nikafika 5, mwisho wa mashine yenyewe, namba ikashuka 83.

"Sista, mashine imekufa," mwanafunzi akasema.

Nilikubaliana naye haraka mno. Nikamtuma mtungi. Mtungi ulikuwepo, lakini spana ya kuufungulia ilikuwa chumba cha upasuaji, na aliyebeba ufunguo wa chumba cha upasuaji alikuwa amesindikiza mgonjwa wa rufaa. Mnajua habari hizo.

Katikati ya hapo daktari wa zamu akafika, akasoma fomu, akaanza kutafuta mshipa. Mkono wa kushoto, wa kulia, kisha mguu. Mtoto alilia bila sauti, mdomo wazi, na namba ikaanguka 74. Nikasema, "Dokta, naomba tuache mshipa kwanza." Hakufurahi. Lakini aliweka kanula chini, na hilo namshukuru hadi leo. Dawa ya mshipani ingefanya kazi baada ya saa kadhaa; mtoto alihitaji hewa ndani ya dakika kadhaa.

Kosa langu lilikuwa la kufikiri, na nitalisema lilivyo. Niliichukulia namba ya lita kwenye mashine kama kipimo cha kinachomfikia mtoto. Ile ni namba ya kinachotoka pale kwenye mashine, na kati ya mashine na damu ya mtoto kuna safari ndefu yenye vituo vingi. Kupandisha lita ni kama kufungulia bomba zaidi wakati mpira umetoboka katikati ya shamba. Tena kwa mtoto wa umri huu lita 2 zatosha kuwa kikomo. Ukizidisha kwa mrija wa kawaida unampulizia hewa baridi na kavu inayogandisha makamasi, na nyingine anaimeza. Nilikuwa natengeneza tatizo jipya kabla sijalijua la zamani.

Kikombe cha maji

Miaka ya nyuma fundi wa vifaa tiba alitufundisha jaribio ambalo halina gharama. Chukua kikombe cha maji safi, tumbukiza zile ncha mbili za mrija, tazama mapovu. Nilifanya hivyo mashine ikiwa kwenye lita 5. Mapovu yalitoka moja moja, kwa uvivu, kama maji yanayofikiria kuchemka.

Maana yake oksijeni ilikuwa inavuja kabla ya kufika mwisho wa mrija. Nikaukunja mrija karibu na chupa ya maji ya mashine, ile ya kulainisha hewa. Mrija mzima ukikunjwa, kile kidude kinachoelea kwenye kipimo cha lita lazima kishuke, kwa sababu hewa haina pa kwenda. Hakikushuka. Hewa ilikuwa na pa kwenda. Nikapitisha kidole kwenye kifuniko cha chupa, nikahisi upepo mwembamba: kifuniko kilifungwa upande, uzi wake haukukaa. Mchana chupa ilioshwa ikarudishwa kwa haraka. Aliyeirudisha angeweza kuwa mimi.

Nikaitoa kabisa. Kwa kiwango kidogo cha oksijeni kinachopita puani, pua yenyewe inatosha kulainisha hewa, na Shirika la Afya Duniani halidai chupa hiyo kwa viwango vya chini. Tunaiweka kwa mazoea, kwa sababu tuliikuta, na maji yake yakikaa siku mbili yanafuga vijidudu. Nikaunganisha mrija moja kwa moja, nikarudisha lita 2, nikatumbukiza tena ncha kwenye kikombe. Sasa yalichemka kama chungu cha maharage.

Nilikausha ncha, nikamrudishia mtoto. Namba: 87.

Mwanafunzi alishangilia. Mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka mara moja. Mashine ilikuwa nzima na mrija mzima, lakini 87 bado haikutosha. Tunataka angalau 90, na kwa mtoto mwenye dalili za hatari kama hizi mwanzoni tunataka 94.

Puani

Nikamulika tochi puani. Tundu la kulia lilikuwa limezibwa na makamasi makavu ya kijani. La kushoto lilikuwa wazi, lakini lilikuwa limejaa ncha ya mrija, kwa sababu mrija tuliomwekea ulikuwa wa mtoto mkubwa. Hebu fikiria: tundu moja lina kizibo cha makamasi, la pili lina kizibo cha plastiki, na mtoto wa miezi 4 kwa desturi anapumua kwa pua. Mdomo anautumia akilia, na kulia tulikuwa tunajitahidi asilie.

Watu wazima tunayadharau mafua kwa sababu njia zetu za hewa ni pana. Hesabu yake ni hii. Njia yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kila upande, inabaki na upana wa milimita 2. Nafasi ya kupita hewa imebaki robo, na ukinzani, kwa hewa inayokwenda taratibu, unapanda mara 16. Uvimbe huohuo kwenye koo la baba yake ungemfanya abadilike sauti tu aende kazini.

Nilidondosha maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kiasi cha mililita moja kila tundu, nikahesabu hadi thelathini, kisha nikafyonza kwa pampu ndogo ya mpira. Namna ya kuitumia ina maana: unaiminya ikiwa nje, unaiingiza mlangoni tu mwa pua, unaachia polepole. Ukiiminyia ndani unasukuma makamasi nyuma. Na mirija mirefu ya mashine ya kufyonza sikuigusa; kufyonza ndani sana kunavimbisha pua na kunaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili kikatoka kipande kirefu, chenye kukakamaa upande mmoja na kunata upande wa pili, mfano wa gundi ya mbao iliyoanza kukauka. Bibi mtu alisogea kukiangalia. Mtoto alipiga chafya, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu aje.

Tukamwekea mrija wa vichanga, ambao ncha zake zinaacha nafasi pembeni. Plasta kwenye mashavu yote mawili, karibu na pua. Plasta iliyobandikwa mbali ndiyo inayofanya mrija utoke kila mtoto anapogeuza kichwa. Kwa lita 2 zilezile namba ikapanda 91, kisha 92. Saa ya ukutani ilisema 8:30.

Tumbo na shingo

Pumzi bado zilikuwa 70. Hapo ndipo nilipoliona tumbo, ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Lilikuwa limetuna na ukiligonga kwa kidole linalia ngoma. Sehemu ya hewa hiyo alimeza akihangaika, nyingine nilimpulizia mimi na lita zangu 5. Mtoto mdogo anapumua kwa kiwambo cha chini ya mapafu kuliko kwa mbavu; tumbo likijaa hewa kiwambo hakina pa kushukia.

Nilipitisha mpira wa kulishia, lakini kwa mdomo. Kupitisha kwa pua ni kumwibia tundu alilolipata dakika tano zilizopita. Tulipothibitisha uko tumboni, mwisho wake ukiachwa wazi ndani ya kikombe, hewa ilitoka kwa mlio, ikifuatiwa na maziwa kidogo yaliyoganda. Tumbo likalegea.

Kisha shingo. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kikubwa nyuma. Ukimlaza chali juu ya mto, kidevu kinakwenda kifuani na koo linajikunja kama mrija wa soda. Bibi alikuwa amemwekea mto kwa mapenzi. Tuliutoa, tukakunja kanga mara nne tukaiweka chini ya mabega, siyo chini ya kichwa, mpaka uso ukaangalia dari sawasawa. Baadaye alipotulia, mama aliegemea kitandani, akamlaza kifuani kwake akiwa wima kidogo, nguo zimelegezwa, blanketi moja mgongoni. Namba 94. Pumzi 62. Mgumio ulikuwa umekoma, na kwa sababu macho yalikuwa wazi na anafuata uso wa mama yake, safari hii kukoma kwake kulikuwa habari njema.

Daktari alipata mshipa mara ya kwanza. Mtoto mwenye oksijeni anakuwa na mishipa, na daktari asiyekimbizwa na namba anakuwa na mkono.

Dawa

Mwongozo unatutaka mtoto mwenye dalili za nimonia kali apewe ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 6, na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Alipata: miligramu 300 na 45. Picha yote ilikuwa ya bronkiolaitisi, yaani virusi vinavyovimbisha vijia vyembamba vya mapafu: umri wake, mafua kwanza, filimbi pande zote, siku ya tatu ambayo ndiyo mwanzo wa kilele. Antibayotiki haiui virusi. Hata hivyo mtoto wa miezi 4 mwenye oksijeni ya 79 usiku, bila eksirei na bila maabara ya kutosha, sitamlaumu daktari aliyemkinga. Wenye vifaa zaidi wana haki ya kutukosoa, ila waje na eksirei.

Kuhusu salbutamo, dawa ya kutanua njia za hewa, nina mashaka zaidi. Aliandikiwa kwa mvuke, nikatoa. Pumzi hazikubadilika, filimbi haikubadilika, mapigo ya moyo yakapanda hadi 186 na mtoto akaanza kutetemeka. Katika bronkiolaitisi njia zimezibwa na uvimbe na ute, kubana kwa misuli kuna sehemu ndogo, na miongozo ya Marekani ya 2014 na ya Uingereza ya 2015 inashauri isitolewe. Mtoto wa miaka 3 mwenye pumu ni habari nyingine kabisa, huyo salbutamo ndiyo mkombozi wake. Na kama mashine ya mvuke hakuna, chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa ajili ya pampu ya dawa ya kuvuta inafanya kazi. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilithibitisha hilo mwaka 1999. Lakini filimbi mbili zinaweza kulia sawa na kuwa na sababu tofauti. Tulijaribu mara moja, tukaacha.

Kulikuja pia swali la kumtengenezea shinikizo la mapovu, ile mbinu ya kuzamisha mwisho wa mrija wa kutolea pumzi ndani ya chupa ya maji ili mapafu yasisinyae. Kwa vichanga waliozaliwa njiti tunaitumia. Kwa watoto wakubwa kidogo wenye nimonia, utafiti wa Dhaka uliotoka 2015 ulionyesha vifo vinapungua. Ule wa Malawi wa 2019, wa watoto waliokuwa na matatizo mengine kama VVU au utapiamlo mkali, ulionyesha vifo vimeongezeka kwa waliowekewa kuliko waliopata oksijeni ya kawaida. Mimi nausoma hivi: mbinu inahitaji macho. Usiku ule tulikuwa wawili kwa wagonjwa 31, mmoja wetu mwanafunzi. Nisingethubutu, na isitoshe, mtoto hakuihitaji tena baada ya pua kuzibuliwa.

Hadi asubuhi

Umeme ulikatika saa 10:15. Mashine ilipiga kelele, jenereta ikachelewa. Mtungi ulikuwa umeshafika, na spana, nayo nilishaifunga kwa kamba shingoni mwa mtungi. Mtungi mdogo wa lita 680 kwa lita 1 kwa dakika unakwenda zaidi ya saa 11, kwa hiyo hapakuwa na hofu. Mwaka juzi umeme kama huo ungenikuta nakimbia ukumbini na tochi mdomoni.

Kunyonya tulikuzuia kwa saa chache. Mtoto anayepumua mara 70 kwa dakika hawezi kumeza na kupumua kwa zamu. Maziwa yatapotea njia. Mama alikamua, tukapitisha kwa mpira mililita 20 kila saa moja, tukiangalia tumbo lisijae tena. Pua ilisafishwa kabla ya kila mlo, siyo kila dakika kumi kama mwanafunzi wangu alivyotaka baada ya kuona ushindi wa mara ya kwanza. Kumsumbua mtoto nako ni kazi anayoilipia kwa pumzi. Tulipanga vipimo, dawa na maziwa vifanyike kwa pamoja, halafu tunaondoka tunamwacha alale.

Saa 12 asubuhi: pumzi 58, oksijeni 95 kwa lita 1. Kwenye makabidhiano nilisema yote, pamoja na dakika 35. Mmoja wa wenzangu alicheka kidogo kuhusu kifuniko cha chupa, akaenda kukagua mashine ya pili. Nayo ilikuwa inavuja.

Bibi

Usiku huohuo, mtoto alipotulia, bibi aliniita pembeni. Nilimwamkia upya, maana alipoingia haraka ilituzidi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anajua ugonjwa ulipo. Ni kimeo. Mtoto ana kimeo kirefu, ndicho kinachomkereketa na kumziba pumzi, na wamekwisha kuzungumza na fundi, Jumamosi akatwe.

Niseme wazi kwamba nimeona watoto waliokatwa kimeo wakiletwa wanavuja damu, na nimeona waliooza koo. Kwa mtoto huyu, kisu kwenye koo siku mbili baadaye, katikati ya kilele cha ugonjwa, kingemmaliza. Lakini bibi aliyembeba mjukuu mgongoni usiku wa baridi ile si mtu wa kufokewa. Nikamuuliza, "Bibi, kile kilichotoka puani ulikiona?" Akasema alikiona, kikubwa vile, akaonyesha kwa kidole. "Na baada ya kutoka, mtoto alifanyaje?" Akafikiri. "Alipumua."

Sikuongeza hotuba. Nilimwonyesha namna ya kuminya pampu ya mpira, akajifunza upesi kuliko mwanafunzi wangu. Tukakubaliana kwamba jiko la mkaa litabaki nje ya chumba anacholala mtoto, ingawa alinitazama kwa jicho la mtu anayejua baridi ya nyumbani kwake kuliko mimi.

Mtoto alikaa siku sita. Siku ya nne tuliondoa oksijeni, tukamwangalia usiku mzima akiwa amelala, kwa sababu ndipo namba hushuka. Ilikwenda 92 na 93. Kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 hewa inabeba oksijeni asilimia 80 hivi ya ile ya Tanga au Mombasa, hatukusubiri 99. Alinyonya vizuri, akaruhusiwa, tukamweleza mama kuwa kikohozi chaweza kuendelea mpaka wiki tatu na hilo pekee lisimtishe, ila akianza tena kuzama mbavu au kukataa ziwa arudi saa hiyohiyo.

Baada ya wiki mbili walirudi kliniki, wote watatu. Uzito 6.4. Mtoto alikuwa anacheka na kila mtu. Bibi alitoa pampu ya mpira kwenye pindo la kitenge, imeoshwa, akaniambia ameshaitumia na kwa mtoto wa jirani.

"Na kimeo, bibi?"

"Jumamosi ile hatukwenda." Akanyamaza kidogo. "Lakini kirefu, sista. Wewe mwenyewe mwangalie akipiga miayo."